Sauti Zilizolala Katika Santuri

Tunapotaja historia, watu wengi hufikiri mara moja juu ya vita, wafalme, mikataba na tarehe. Hawakosei, lakini hawajamaliza. Historia ya watu imo pia katika vyungu vyao, katika njia walizozipita, katika majina waliyowapa watoto wao, na katika nyimbo walizoziimba jioni kazi zilipokwisha. Chungu kilichovunjika chaweza kuokotwa na kuungwa. Njia iliyoota majani yaweza kufyekwa. Lakini sauti ya mwimbaji, ikishatoka kinywani, huenda na upepo. Kwa karne nyingi hapakuwa na chombo cha kuirudisha.

Insha hii yahusu chombo kilichobadili jambo hilo, yaani santuri. Na hasa santuri zilizotengenezwa Kenya katika miaka ya 1960, zikapendwa, zikasahauliwa, kisha zikaanza kutafutwa tena. Katika safari hii nataka ulione jambo moja, msomaji: sauti iliyonaswa haifi upesi, lakini jina la mwenye sauti hufa upesi sana. Kazi ya mwanahistoria ni kuvirudisha viwili hivi mahali pamoja. Wahenga walisema, Mali bila daftari hupotea bila habari. Walisema juu ya biashara, lakini neno lao lafaa kwa nyimbo pia.

Tuanze na chombo chenyewe. Santuri ni sahani nyembamba yenye mfuo mmoja mrefu, uzungukao kutoka ukingoni hadi karibu na katikati. Mwimbaji aimbapo, hewa hutetemeka. Mitetemo hiyo huchorwa ikawa mawimbi madogo katika kuta za mfuo. Na sindano ipitapo humo baadaye hutikisika kama hewa ilivyotikisika siku ile, nayo sauti hurudi. Santuri za zamani zilizotapakaa Afrika Mashariki zilizunguka mara 78 hivi kwa dakika. Zilitengenezwa kwa ulimbo utolewao na wadudu wadogo wa Bara Hindi, uliochanganywa na unga wa mawe. Zilikuwa nzito, na zilipoanguka zilivunjika kama sahani ya udongo. Upande mmoja wa santuri ya inchi 10 ulichukua dakika tatu hivi za wimbo, basi. Mwaka 1949 ilitoka Marekani santuri ndogo ya inchi 7, izungukayo mara 45 kwa dakika, ambayo baadaye ilienea duniani ikiwa ya plastiki. Hiyo ndiyo iliyokuwa santuri ya vijana wa miaka ya 1960, London na Nairobi pia: nyepesi, rahisi kuchukuliwa, wimbo mmoja upande huu na wimbo mwingine upande huu.

Hapo mwanzo mwimbaji wa Afrika Mashariki aliyetaka sauti yake inaswe hakuwa na budi kuufuata mtambo ulipokuwa. Siti binti Saad wa Unguja alivuka bahari mwaka 1928 hadi Bombay kwa kazi hiyo. Baadaye mtambo wenyewe ulianza kuwafuata waimbaji. Na hapa, msomaji wa Kisii na Nyamira, historia yasogea karibu na mlango wako.

Ukitoka Kisii mjini ukapita Keroka, ukavuka mpaka pale Chebilat, kisha ukapita Sotik na kuendelea na barabara ya Kericho, utafika Kapkatet, katika nchi ya jirani zetu Wakipsigis. Mwaka 1950 alifika huko Mwingereza mmoja jina lake Hugh Tracey, aliyekuwa akisafiri Afrika kwa gari lenye vyombo vya kunasa sauti. Wasichana wa Kipsigis walimwimbia wimbo juu ya kiumbe wa ajabu, nusu mtu na nusu mnyama, waliyemwita Chemirocha. Chemirocha huyo alikuwa nani? Alikuwa Jimmie Rodgers, mpiga gitaa na mwimbaji wa Marekani aliyefariki mwaka 1933, ambaye santuri zake zilifika kwenye vilima vile pamoja na gramafoni za wageni. Wasichana hawakumwona kamwe. Walisikia sauti yake ikitoka katika sanduku, wakalitamka jina lake kwa ulimi wao, wakamtungia wimbo wao wenyewe. Tazama jinsi mambo yalivyozunguka: santuri ya Marekani ilizaa wimbo Kapkatet, na wimbo wa Kapkatet ukawa santuri.

Mwaka 1954 Tracey alianzisha Maktaba ya Kimataifa ya Muziki wa Afrika katika Afrika ya Kusini, ambayo baadaye ilihamia mji wa Grahamstown, uitwao leo Makhanda. Kanda na santuri zake ziliwekwa huko, mbali sana na vinywa vilivyoziimba. Dunia ya wasomi ikaujua wimbo wa Chemirocha, hali Kapkatet yenyewe haikuwa na nakala yake. Lakini mwaka 2015, baada ya miaka 65, maktaba hiyo ikishirikiana na watu wa Ketebul Music wa Nairobi ilirudisha sauti zile kijijini, na baadhi ya wale walioimba utotoni walikuwa bado hai, wazee wenye mvi. Kwa nini sauti zile ziliweza kurudi? Kwa sababu Tracey alikuwa na desturi ya kuandika. Kila aliponasa wimbo aliandika mahali, siku, kabila, chombo kilichopigwa, na maana ya maneno. Laiti angaliacha kanda bila maandishi, nani angalijua ya kwamba njia ya kuwarudishia wenyewe yapita Kapkatet?

Sasa twende Nairobi. Miaka ya mwanzo ya 1960 ilikuwa miaka ya matumaini makubwa na ya mambo mapya. Kenya ilipata uhuru tarehe 12 Desemba 1963. Redio ilikuwa ikiingia nyumba nyingi zaidi, mshahara wa kwanza wa kijana ulinunua viatu au gramafoni, na dansi ya twisti, ambayo Chubby Checker wa Marekani aliivumisha duniani tangu mwaka 1960, ilifika Nairobi kama ilivyofika kila mji. Lakini vijana wa Nairobi hawakuiiga tu. Waliichukua twisti wakaichanganya na upigaji wa gitaa wa Kongo, na miondoko ya Afrika ya Kusini, na midundo ya magharibi ya Kenya, wakaimba kwa Kiswahili ili Mluo, Mkamba, Mgusii na mtu wa pwani waelewe pamoja.

Nyumba mashuhuri ya muziki huo ilikuwa Equator Sound Studios, iliyoongozwa na Charles Worrod. Nyumba hiyo ilikuwa na bendi yake, Equator Sound Band, na ukiyasoma majina ya waliopita humo utaona Afrika Mashariki na zaidi imekusanyika katika chumba kimoja. Alikuwamo Fadhili William kutoka Taita. Alikuwamo Gabriel Omolo, ambaye katika miaka ya mwanzo ya 1970 alivuma kwa wimbo wa Lunchtime. Walikuwamo Nashil Pichen na Peter Tsotsi, waliotoka nchi ambayo sasa ni Zambia. Na alikuwamo Daudi Kabaka, aliyezaliwa Uganda mwaka 1939 kwa wazazi wa magharibi ya Kenya, ambaye wasikilizaji walimvika cheo cha mfalme wa twisti. Nyimbo zake zilikuwa fupi, nyepesi kushikika, na ndani yake mlikuwa na mambo ya siku zile: msichana aliyesoma, kijana wa mjini, nchi mpya yenye kuitana kwa neno harambee.

Wimbo mmoja wa Kabaka uliitwa Helule Helule. Mwaka 1968 bendi ya Uingereza iitwayo The Tremeloes iliuchukua wimbo huo na kuuimba kwa mtindo wake, nao ukapanda hadi nafasi ya 14 katika orodha ya santuri zilizouzwa sana Uingereza. Hawa hawakuwa watu wadogo: mwaka 1962 kampuni ya Decca ilipopima bendi mbili ili ichague moja, iliwachagua hao na kuwaacha Beatles. Basi vijana wa Uingereza wakacheza kwa wimbo uliozaliwa Nairobi, na bila shaka ni wachache miongoni mwao waliojua ya kwamba ulitoka Nairobi. Tumezoea kufundishwa ya kwamba nyimbo zilisafiri upande mmoja tu, kutoka Ulaya na Marekani kuja kwetu. Helule Helule ni ushahidi wa kwamba njia ilikuwa na pande mbili. Lakini ushahidi huo ulikaa miaka mingi katika herufi ndogo za kibandiko cha santuri, usiweze kusomwa ila na mtu aliyekuwa na santuri mkononi.

Usidhani, hata hivyo, kwamba kusahauliwa ni msiba wa Afrika peke yake. Katika miaka ile ile walikuwako London vijana walioitwa mod, wapenda suti zilizokatwa vizuri, pikipiki ndogo za Kiitaliano, na muziki wa watu weusi wa Marekani. Bendi zao zilikuwa nyingi. Chache, kama The Who, zilipata jina duniani. Nyingine zilitoa santuri mbili tatu zikazimika. Mojawapo iliitwa The Action. Msimamizi wake wa kunasa sauti alikuwa George Martin, yule yule aliyewasimamia Beatles, na kati ya mwaka 1965 na 1967 ilitoa santuri tano nzuri. Hakuna hata moja iliyofaulu sokoni. Bendi ikavunjika. Lakini mwaka 1980 kampuni ndogo iitwayo Edsel ilizikusanya nyimbo zile katika santuri moja kubwa, na Paul Weller, mwanamuziki kijana aliyekuwa akivuma wakati huo, akaiandikia maneno ya kuisifu. Watu waliokuwa watoto wachanga zilipoimbwa wakazipenda kana kwamba zilitoka jana. Baadaye zikatolewa hata nyimbo ambazo bendi ile ilizinasa mwaka 1967 na 1968 kwa majaribio tu, bila kuziuza.

Tulinganishe basi mambo haya mawili, kwa kuwa kulinganisha ni nusu ya kazi ya mwanahistoria. The Action ilisahauliwa kwa sababu haikununuliwa. Equator Sound Band ilinunuliwa, ikachezwa katika kila baa na kila arusi, na bado ikasahauliwa. The Action iliposahauliwa, makaratasi yalibaki: kampuni ilikuwa na kanda, kanda zilikuwa na namba, namba zilikuwa katika daftari. Aliyetaka kuifufua alijua mlango wa kugonga. Kwetu Kenya kampuni nyingi zilikufa pamoja na makabati yao. Tofauti, basi, haikuwa katika uzuri wa muziki. Ilikuwa katika kabati.

Santuri zetu zilikufaje? Adui wa kwanza alikuwa kaseti. Kampuni ya Philips iliivumbua mwaka 1963, na katika miaka ya 1970 na 1980 ilienea Kenya nzima. Kaseti ilikuwa rafiki wa msikilizaji na adui wa mwanamuziki, kwa maana mtu yeyote mwenye vyombo viwili aliweza kutoa nakala mia bila kumlipa mtunzi senti moja. Biashara ya santuri ikaanguka, na gramafoni zikapelekwa darini. Adui wa pili alikuwa uhaba wa maandishi. Santuri nyingi za Kenya za wakati ule hazikuandikwa mwaka. Kibandiko chataja kampuni, namba, wimbo, bendi, pengine mtunzi, na hapo huishia. Nani alipiga gitaa la pili? Nani aliitikia? Kibandiko hakisemi.

Na mahali ambapo maandishi hayatoshi, ugomvi huzaliwa. Wimbo wa Malaika waujua. Fadhili William aliurekodi Nairobi akiwa na Jambo Boys karibu na mwaka 1960, kisha akaurekodi tena Equator. Miriam Makeba akauimba, na mwaka 1965 ukawamo katika santuri kubwa aliyoitoa pamoja na Harry Belafonte, ambayo ilishinda tuzo ya Grammy mwaka uliofuata. Boney M wakauimba mwaka 1981, Angélique Kidjo mwaka 1991. Hata hivyo wako wanaoshikilia ya kwamba mtunzi wake si Fadhili, bali ni Adam Salim wa Tanganyika, aliyeutunga katika miaka ya 1940. Pengine hakuna wimbo wa Kiswahili uliotembea dunia zaidi ya huo, na mpaka leo watu wabishana baba yake ni nani. Fadhili William na Daudi Kabaka walifariki mwaka mmoja, 2001, na ubishi haukuzikwa pamoja nao.

Sasa tuje kwenye kurudi kwa sauti hizi. John Storm Roberts, Mwingereza aliyefanya kazi ya uandishi wa habari Kenya katika miaka ya 1960, alizipenda santuri za Nairobi wakati ambapo wageni wengi hawakuzijali. Katika miaka ya 1980, akiwa Marekani, alitoa kupitia kampuni yake ya Original Music mikusanyo ya nyimbo za Kenya na za pwani, miongoni mwake Songs the Swahili Sing na Before Benga. Katika miaka ya 1990 nyimbo za Fundi Konde, mpiga gitaa wa pwani aliyekuwa katika jeshi la King's African Rifles wakati wa Vita Kuu ya Pili, zilikusanywa tena, zile za mwaka 1947 hadi 1956. Fundi Konde alifariki mwaka 2000; kwa hiyo alijaliwa kuziona nyimbo za ujana wake zikitoka upya akiwa hai. Si wengi waliopata bahati hiyo. Mwaka 2008 Ketebul Music, chini ya Tabu Osusa, ilitoa kazi juu ya asili ya benga, pamoja na kitabu na picha, na ikaendelea na kazi nyingine za namna hiyo. Na mwaka 2013 kampuni ya Soundway ya Uingereza ilitoa mkusanyo wa Kenya Special, wenye nyimbo 32 za miaka ya 1970 na 1980 ambazo nyingi zilikuwa adimu.

Hapa yafaa tulipime neno moja. Wanunuzi wa ng'ambo husema ya kwamba muziki huu "umegunduliwa upya". Mzee wa Nyamira ambaye hakuacha kuuimba Malaika akikamua ng'ombe, je, yeye aliugundua lini? Hakuusahau. Kilichopotea si wimbo katika kumbukumbu yake, bali santuri, kibandiko, na malipo. Tusimlaumu mgeni aliyehifadhi tulichokitupa; tumshukuru. Lakini tujiulize kwa haki: santuri moja inunuliwapo kwa fedha nyingi katika mji wa mbali, familia ya aliyeipiga yapata nini? Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 yatofautisha mambo mawili. Haki katika sauti iliyonaswa hudumu miaka 50 tangu mwisho wa mwaka iliponaswa. Haki ya mtunzi katika utungo wake hudumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake. Basi santuri iliyonaswa mwaka 1965 ulinzi wake wa kwanza ulikwisha mwisho wa mwaka 2015. Lakini ikiwa mtunzi alifariki mwaka 2001, utungo wake ni mali ya warithi wake hadi mwisho wa mwaka 2051. Warithi hao hawawezi kudai kitu ikiwa jina la mzazi wao halijulikani. Waona sasa kwa nini jina si pambo. Jina ni ufunguo wa haki.

Turudi nyumbani. Je, nchi ya Gusii imo katika habari hii? Imo. Kabla ya gitaa kuja, Abagusii walikuwa na obokano, kinubi kikubwa cha nyuzi nane ambacho mpigaji hukipiga akiwa ameketi, chenye sauti nzito inayokoroma chini ya sauti ya mwimbaji. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 kampuni ya Ocora ya Radio France ilitoa mkusanyo wa muziki wa Nyanza, na Abagusii wamo humo pamoja na majirani zao Waluo na Wakuria. Gitaa lilipokuja, vidole vilivyozoea nyuzi za obokano, au masikio yaliyoizoea, havikuanza ugenini. Vijana walibeba magitaa yao mpaka Kericho, mji uliokuwa na nyumba ya Chandarana, ambayo ilinasa sauti za wanamuziki wa magharibi ya Kenya na bonde la ufa kwa lugha zao. Aliyekwenda Kericho hakulazimika kwenda Nairobi. Aliimba kwa Ekegusii, na baada ya muda santuri yake ikauzwa sokoni. Katika waimbaji wa Gusii, jina la Christopher Monyoncho ndilo ambalo wengi hulitaja kwanza. Lakini kwa kila jina linalotajwa, yako mengine yaliyosomwa redioni mara chache, yakaandikwa katika kibandiko, na kibandiko kikaliwa na unyevu.

Hili la unyevu si neno la mapambo. Vilima vyetu hupata mvua inayozidi milimita 1,500 kwa mwaka. Mvua hiyo hutupa chai, ndizi na wimbi. Lakini hiyo hiyo hukuza ukungu katika mifuko ya karatasi ya santuri. Juu ya hapo kuna moshi wa jikoni, jua la dirishani, na watoto waonao sahani nyeusi wakaifanya gurudumu. Leo, msomaji, ziko nyumba katika kaunti za Kisii na Nyamira zenye masanduku ya santuri chini ya kitanda au juu ya dari, na wenyewe hawajui kama ni mali au takataka. Mzee afapo, sanduku hutolewa nje pamoja na godoro lake. Huenda ndani yake mna sahani ambayo haina mwenzake popote. Hapo ndipo historia inapotegemea, si chuo kikuu wala serikali, bali mtu mmoja wa nyumba ile atakayesema: "Ngojeni kwanza, tusitupe."

Mtu huyo aweza kuwa wewe. Kwa hiyo nitakueleza kazi yenyewe, kwa kuwa nia njema isiyo na ufundi huharibu. Ukiikuta santuri, ishike ukingoni, usiguse mifuo kwa vidole. Isimamishe kama kitabu rafuni; usiilaze nyingi juu ya nyingine, usiiweke juani, kwa maana hupinda. Ipanguse kwa kitambaa laini ukiifuata njia ya mifuo. Ikiwa ni ya plastiki na ina uchafu, maji safi yenye sabuni kidogo yatosha, ila kibandiko kisilowe. Ikiwa ni ile nzito ya zamani, usiipake spiriti kamwe, maana spiriti huyeyusha ulimbo ule, nawe utaifuta sauti kwa mkono wako mwenyewe.

Kisha fungua daftari. Nakili kila kitu kilichoandikwa katika kibandiko, hata namba usizozielewa. Tazama pia ile nafasi nyeusi kati ya mwisho wa mfuo na kibandiko. Aghalabu utaona herufi na namba zilizochorwa humo kiwandani, nazo husaidia kupanga santuri za kampuni moja kwa mfuatano, hata ikiwa mwaka haukuandikwa. Sikiliza maneno ya wimbo: ukimtaja kiongozi, bei ya kitu, au barabara mpya, umekupa dalili ya wakati wake. Mwisho, na hili ndilo kubwa, keti na omogaka au omong'ina aliyeinunua. Muulize aliinunua wapi, katika mwaka wa jambo gani, nani aliicheza, nani anayeimba. Usimharakishe. Andika alivyosema, na uandike ya kwamba ni yeye aliyesema. Akikosea tarehe, usimcheke wala usimsahihishe katika daftari lake. Linganisha na ushahidi mwingine, uandike yote mawili. Halafu, kwa simu tu, nasa sauti yake akieleza, na uiweke nakala mahali zaidi ya pamoja. Shule yako yaweza kuwa na rafu ya kazi hiyo. Ziko pia stesheni zinazotangaza kwa Ekegusii, Egesa na Minto, ambazo wasikilizaji wake huenda wakamjua mtu wasiyemjua vitabu.

Labda utauliza faida ya taabu yote hii kwa ajili ya nyimbo za dansi. Nakujibu hivi. Mwanafunzi wa historia husoma hotuba za viongozi wa mwaka 1963, na ni sawa asome. Lakini hotuba zaeleza yale ambayo viongozi walitaka watu wayaamini. Wimbo ulionunuliwa na mchumaji chai kwa fedha yake mwenyewe waeleza yale ambayo watu walitaka kuyasikia. Ukitaka kujua kijana wa mwaka ule alicheka nini, alimpenda nani, aliogopa nini alipopanda basi kwenda mjini, hutapata jibu bungeni. Utalipata katika dakika tatu za sahani nyeusi.

Wahenga walisema, Mcheza kwao hutunzwa. Wanamuziki hawa walicheza kwao, lakini wengi hawakutunzwa. Wengine walitunzwa kwanza na watu wa mbali. Deni hilo halikufungwa, kwa sababu sanduku bado liko chini ya kitanda na mwenyewe bado aweza kuulizwa. Muda tulio nao ni umri wa wazee wetu. Basi nenda ukaulize, uandike jina.